Kabla hujaambiwa injini imekufa, uliza ilipimiwa wapi

Na Mwalimu wa Nyanza-Lac

MAGARI ya Peugeot 504 hayajaisha katika nchi yetu, ingawa kule Ufaransa kiwanda kiliacha kuunda saluni zake tangu mwaka 1983. Yapo nyuma ya nyumba za wazee huko milimani, mengine kwenye viwanja vya misheni, yamefunikwa maturubai na kuku wanatagia chini yake. Kila baada ya muda moja linafunuliwa na kuuzwa. Wanaolinunua mara nyingi ni sisi tuliorejea kutoka uhamishoni, abahungutse kama tunavyoitwa kwa Kirundi, na wafanyabiashara wa mpakani wanaotafuta chombo kigumu cha kupandisha mawese na dagaa kutoka ziwani na kuteremsha maharage na viazi, bila kwenda kupiga magoti benki.

Sishangai kwamba linapendwa. Gari hili lilichaguliwa kuwa gari bora la mwaka barani Ulaya mwaka 1969, na mwaka 1975 Ove Andersson alishinda nalo mbio za Safari Rally. Lakini gari lililoshinda Safari si hili lililolala chini ya mwembe miaka kumi na ushei. Bodi utaipiga rangi, viti utashonesha, matairi utayapata Kigoma. Injini ndiyo inayokula akiba ya mtu. Nimeona familia moja iliyomalizia kwenye injini ya gari fedha zote walizopata kwa kuuza mazao na mifugo yao ya mwisho kule Ulyankulu, na gari lenyewe halikupanda mlima hata mara moja.

Kwa hiyo leo nataka tuzungumzie kipimo kimoja tu, kipimo cha mgandamizo wa injini, au kompresheni kama mafundi wanavyosema. Hakihitaji kompyuta wala umeme wa gridi. Kinahitaji geji ndogo inayoingia mfukoni, betri yenye nguvu, watu wawili na nusu saa. Kinahitaji pia jambo moja ambalo mafundi wetu wengi hawalitaji kabisa, nalo ni kujua mko mita ngapi juu ya bahari.

Maana ya kipimo chenyewe ni rahisi. Ndani ya kila silinda pistoni ikishuka inavuta hewa iliyochanganyika na petroli, ikipanda inaikandamiza mpaka ibaki kama sehemu ya nane au ya tisa ya ujazo wake wa kwanza. Hapo ndipo plagi inapotoa cheche. Hewa ikibanwa sawasawa, mlipuko unakuwa na nguvu. Ikivuja, iwe kwa kupitia ringi za pistoni zilizolika, au valvu zisizofunga, au gasketi ya silinda hedi iliyoungua, nguvu inapotea. Injini kama hiyo bado inaweza kuwaka na kunguruma vizuri pale Nyanza-Lac au Rumonge kwenye tambarare ya ziwa. Mwenye gari atakuwashia, atakanyaga mafuta mara mbili tatu, nawe utasikia sauti tamu. Subiri upakie madumu ya mawese na uanze kupanda kutoka Rumonge kwenda Bururi, zaidi ya mita 1,000 za kupanda. Hapo ndipo ukweli hutokea, na wakati huo fedha zimeshahesabiwa na mwenye gari ameshakwenda zake.

Sasa nieleze yaliyotokea kiangazi kilichopita huko milima ya Bururi, mahali penye urefu wa mita 1,900 hivi. Akina mama wanne wa hapa kwetu wanaouza mawese walichanga fedha wanunue 504 ya petroli ya mzee mmoja mstaafu. Wakafanya jambo la busara, wakapanda na fundi mwenye geji. Fundi akapima silinda zote nne akapata paundi 119, 121, 116 na 118 kwa kila inchi ya mraba. Kwenye karatasi yake ya vipimo, ambayo mafundi wengi huibeba ikiwa imekunjwa ndani ya waleti, injini ya aina hiyo ilipaswa kusoma karibu 150. Akafunga boneti. Akasema injini imekufa, itupwe, iwekwe ya Toyota, na kwamba gari lile halistahili zaidi ya bei ya chuma chakavu.

Mzee hakubisha. Angebisha na nini? Akina mama wakaanza kujadiliana naye bei ya chakavu, lakini mmoja wao akasita, akanipigia simu nipande siku ya pili. Mimi ni mwalimu wa hesabu na fizikia, na nilipokuwa nasoma sekondari uhamishoni, likizo zangu nilizimalizia nikishika spana katika gereji moja ya Mpanda. Nilipofika nikamwomba fundi anionyeshe karatasi yake, kisha nikamuuliza vipimo vile vilichukuliwa wapi. Akajibu vimetoka kwenye kitabu. Nikamwambia kitabu nacho kilipimia mahali, na mahali penyewe ni usawa wa bahari.

Hewa ina uzito, na sisi tunaishi chini ya uzito huo. Dar es Salaam, pwani, hewa inasukuma kwa nguvu yake yote, yaani kilopaskali 101 hivi. Ziwa Tanganyika liko mita 773 juu ya bahari, kwa hiyo kwenye ufukwe wetu imebaki asilimia 91 ya nguvu ile. Ukifika mita 1,900 imebaki asilimia 79 tu. Silinda haina uchawi, haiwezi kubana hewa ambayo haikuingia. Kama hewa inayoingia ni pungufu kwa asilimia 21, basi na geji itasoma pungufu kwa kiasi hicho hicho, hata kama injini imetoka kiwandani jana. Injini inayosoma 150 Dar es Salaam itasoma kama 137 Nyanza-Lac, na huko juu Bururi itasoma 119.

Angalia tena namba za fundi: 119, 121, 116, 118. Injini ile haikuwa imekufa. Ilikuwa nzima kabisa, na zaidi ya hapo silinda zake nne zilikuwa zinafanana kama mapacha, tofauti kati ya ya juu na ya chini ni paundi 5 tu.

Nilipofanya hesabu hiyo chini, kwa kijiti kwenye mavumbi, mzee alikuwa ameketi pembeni kwenye kigoda akisikiliza. Mama mmoja akanivuta kando akaninong'oneza, "Mwalimu, si ungesubiri kwanza tulipe?" Nikamjibu kwamba geji haimpimii mnunuzi peke yake. Hakufurahi, na sikutegemea afurahi, kwa sababu fedha zile zilikuwa za watoto wake. Mzee naye hakupandisha bei sana. Aliongeza kiasi, wakavutana mpaka adhuhuri, wakakubaliana bei ambayo kwa maoni yangu ilikuwa ya haki, chini ya ile aliyoitaja mwanzo na juu ya ile ya chakavu. Gari likashuka ziwani siku ile ile. Jioni tukapima tena mbele ya fundi yule yule: 135, 138, 132 na 135. Hatukuongeza hata tone la oili. Fundi aliandika namba zile nyuma ya karatasi yake, na hilo nilimheshimu nalo.

Sasa namna ya kupima. Kwanza washa injini mpaka ipate moto wa kawaida, kisha izime. Injini baridi husoma chini na hukudanganya. Halafu puliza vumbi lote linalozunguka plagi kabla hujazifungua, kwani plagi za 504 zimezama ndani kabisa na mchanga ukidondoka kwenye silinda utakuwa umeharibu kitu ulichokuja kupima. Toa plagi zote nne, si moja moja, ili krenki izunguke kwa wepesi. Weka alama kwenye nyaya zake. Plagi zipange juu ya gazeti kwa mpangilio uliozitoa nao na uzitazame: rangi ya kahawia hafifu ni dalili njema, weusi wenye utelezi ni oili inayopanda, na iliyosafika kupita kiasi kana kwamba imeoshwa hukuambia huenda maji yanaingia ndani ya silinda.

Chomoa waya wa koili kusiwe na cheche, na mwenye sigara aende mbali, maana mvuke wa petroli utatoka kwenye matundu ya plagi. Fungia geji kwenye silinda ya kwanza. Hapa tahadhari moja: Peugeot huhesabu silinda kuanzia nyuma, upande wa gia boksi, wakati fundi aliyezoea Toyota huanza mbele kwenye feni. Mkisha kupishana katika hilo mtanunua spea za silinda isiyoumwa.

Mtu wa pili akae kwenye usukani, akanyage mafuta mpaka mwisho na asiachie, kisha apige stata. Huyu mtu wa pili ni wa lazima. Fundi akifanya kazi peke yake bila mtu wa kukanyaga, mlango wa hewa wa kabureta unabaki umefungwa, injini inakosa pumzi, na silinda zote zinasoma chini. Choki nayo iwe wazi. Acha injini izunguke mpaka silinda unayoipima ibane mara tano au sita, ukitazama mshale wa geji tangu pigo la kwanza. Andika lilipofika pigo la kwanza na lilipoishia la mwisho. Rudia kwa silinda zote, na kila moja iwe na idadi ile ile ya mapigo. Betri ikichoka katikati simamisha kazi, kwa sababu silinda ya nne itaonekana mgonjwa kumbe mgonjwa ni betri.

Geji zetu zina tatizo jingine la mpakani. Zinazotoka Tanzania nyingi husoma paundi, na zile za zamani zilizokuja na Wafaransa na Wabelgiji husoma bari. Bari moja ni paundi 14.5. Kwa hiyo fundi akikuambia "tisa" usishtuke, hiyo ni kama 130. Nimeshuhudia watu wawili wakigombana robo saa kuhusu gari moja lenye kipimo kimoja.

Kusoma namba ndiko kwenye utamu. Usianze kwa kuuliza zimefika ngapi, anza kwa kuuliza zinafanana kiasi gani. Ndugu wanne waliozaliwa siku moja, wakakaa nyumba moja na kula chakula kimoja, wakitofautiana sana kuna jambo. Kanuni inayotumika sana ni kwamba silinda ya chini isipungue robo tatu ya ile ya juu. Mimi ni mkali zaidi, kwenye gari la kununua sipendi tofauti ipite asilimia 15. Zikiwa zote chini kwa kulingana, kwanza toa hesabu ya mlima, pili tazama betri, tatu hakikisha mafuta yalikanyagwa. Kisha ndipo useme injini imechoka.

Silinda ikianza chini kwenye pigo la kwanza, halafu ikapanda kidogo kidogo kila pigo, mara nyingi ni ringi. Ikianza chini na kubaki chini, shuku valvu. Hapo fundi humwaga kijiko kimoja cha chai cha oili kwenye tundu la plagi na kupima tena: ikipanda sana, oili imeziba palipolika kwenye ringi, isipopanda, tatizo liko juu, kwenye valvu au gasketi. Kipimo hiki ni kizuri, ila kwa 504 kichukuliwe kwa uangalifu, kwa sababu injini yake imelala upande kwa nyuzi 45 na oili huteremkia ukuta wa chini badala ya kuzunguka pistoni yote. Kwa hiyo ikipanda kidogo tu, usikimbilie kulaumu valvu. Zaidi ya hayo, valvu iliyosetiwa kwa kubana mno haifungi barabara na itasoma kama iliyoungua. Kuseti valvu ni kazi ya asubuhi moja na haina gharama kubwa, basi ifanywe kwanza kabla mtu hajafungua hedi.

Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, tuseme 140, 138, 86 na 88, hiyo kwa kawaida ni gasketi iliyoungua kati yake, hewa ya moja inakimbilia kwa jirani. Fungua kifuniko cha oili utazame kama kuna povu jeupe kama maziwa ya mgando, na tazama rejeta injini ikiwa inanguruma kama inatoa mapovu. Hedi ya 504 ni ya aluminiamu, na gari lililowahi kuchemka njiani likaendeshwa hivyo hivyo mpaka nyumbani huipinda. Muulize mwenye gari kama liliwahi kuchemka. Atakuambia hapana. Wewe tazama povu.

Wapo pia wauzaji wanaojua kipimo hiki kuliko wanunuzi. Oili ikimwagwa ndani ya silinda usiku wa kuamkia siku ya kuonyesha gari, geji itapanda na wewe utaondoka umeridhika. Oili nzito kupita kiasi ikiwekwa kwenye injini, moshi hupungua na kelele hunyamaza kwa siku mbili tatu. Dawa yake ni kutokubali injini iliyopimwa kabla hujafika. Iwashwe mbele yako, iende barabarani angalau nusu saa, irudi, ndipo ipimwe. Moshi wa bluu ukitoka kwa wingi mwanzoni halafu ukakatika, na plagi zikawa zimelowa zote nne kwa mkupuo, uliza maswali. Namba zilizopita kiasi pia si sifa. Silinda inayosoma juu sana kuliko wenzake huenda imejaa masizi, au inapata oili isikotakiwa.

Narudi kwenye ile hukumu ya "weka ya Toyota", maana kwa wasomaji wa ukurasa huu ndiyo yenye hasara kubwa. Kubadilisha injini si dhambi na magari mengi yanatembea hivyo. Lakini kadi ya gari inaweza kuwa imeandikwa namba ya injini, na ukifika mpakani, iwe Mugina kuelekea Manyovu au Kobero kuelekea Kabanga, ofisa akifungua boneti akakuta namba nyingine, gari lako linaweza kulala hapo na dagaa wako ndani yake. Mtu aliyebadilisha injini kihalali huenda na karatasi zake zote zikiwa zimerekebishwa. Yule aliyebadilisha kwa sababu fundi alisoma geji mlimani kwa kitabu cha pwani, huyo amelipa mara tatu: injini mpya, karatasi mpya, na injini nzima aliyoitupa.

Hata pale ringi zinapokuwa zimekwisha kweli, 504 si gari la kukatia tamaa haraka. Silinda zake ni silivu za chuma zinazochomolewa, zimezungukwa na maji, na huuzwa kwa seti pamoja na pistoni na ringi. Hakuna kupeleka injini mjini kuchongwa. Fundi mwangalifu anaweza kuzibadilisha chini ya mti. Nimesema mwangalifu kwa sababu hedi ikishatoka, silivu lazima zibanwe zisiinuke, na mtu yeyote asizungushe krenki. Silivu ikicheza tu, mpira wa chini hauzibi tena na maji yanashukia kwenye oili. Injini nyingi zilizosemwa zimeuawa na uzee ziliuawa hapo, na mtu aliyetaka kuona kama pistoni zinazunguka.

Mwisho ni kwa wenye 504 za dizeli, hasa pikapu, kwa sababu wao huniuliza kila mara kama wanaweza kuazima geji yangu. Hapana. Dizeli haina plagi za cheche, huwasha kwa joto la kubana hewa peke yake, na mgandamizo wake hupita paundi 300, mara nyingi hufika 400 na zaidi. Geji ya petroli nyingi huishia 300. Ukiifunga kwenye dizeli utavunja geji na huenda ukamuumiza aliyeishika. Ipo geji yake maalumu yenye adapta ya kuingia kwenye tundu la nozeli au la plagi ya joto. Hesabu ya mlima ni ile ile, tena kwa dizeli huonekana zaidi: injini iliyochoka inayowaka kwa pigo moja asubuhi pale Rumonge itasumbua sana kuwaka asubuhi ya baridi huko Bururi, na mwenye gari atabadilisha betri mbili kabla hajafikiria ringi.

Geji yangu ya petroli ipo kwa atakayeihitaji, siku za Jumamosi baada ya saa sita. Aje na betri iliyochajiwa na mtu wa kukanyaga mafuta.